Steringi ya gemu inakushinda? Mwongozo kamili wa kuifunga, kuiseti na kuiendesha

Malalamiko ni yale yale. Mtu kavunja kibubu kanunua steringi, kaichomeka, kaingia gemu, kona ya kwanza gari limezunguka kama pia, ya pili limeingia ukutani, baada ya wiki mbili steringi iko sokoni imeandikwa "haijatumika sana, bei maelewano". Na atakwambia padi ni rahisi zaidi. Ni kweli ni rahisi, kwa sababu gemu inambeba mtu wa padi kimyakimya: inalainisha kona, inapunguza makali ya usukani spidi ikipanda. Ukichomeka steringi ule msaada unaondoka, na kila namba iliyokaa vibaya kwenye setingi unaisikia mikononi.

Hapa natumia Logitech G29 kwenye PC na gemu ya mbio za magari ya Assetto Corsa, maana steringi hiyo inapatikana hata ya mtumba na gemu yenyewe inakuonyesha wazi nini kinaendelea. Mwenye G920, G923 au Thrustmaster T300RS fuata hivyo hivyo, nitasema pale panapotofautiana. Nenda kwa mpangilio, usiruke hatua. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimetibu na kipi kimeharibu.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Steringi, pedeli zake, na adapta yake ya umeme. Adapta ni lazima, bila hiyo mota za ndani hazina nguvu na unabaki na duara la plastiki.
- Uhakika kwamba steringi inaingia kwenye mashine yako. G29 ni ya PlayStation na PC. G920 ni ya Xbox na PC. G923 ziko aina mbili, moja ya PlayStation moja ya Xbox, na kwa macho zinakaribia kufanana, kwa hiyo soma boksi. Muuzaji akikwambia "zote zinaingia tu bro", mwambie achomeke mbele yako.
- Meza nzito ya mbao, au stendi.
- Kiti kisicho na magurudumu.
- Kipande cha ubao na mkeka wa mpira wa kuweka chini ya pedeli.
- Futi ya kupimia, utaihitaji kwenye hatua ya 7.
- Programu ya G HUB ya kuiseti steringi, ishushe kwenye tovuti ya Logitech wenyewe, sio link ya kutumiwa na mtu.
- Assetto Corsa kwenye Steam, lile duka la gemu za kompyuta.

Angalizo moja kabla ya kuchomeka chochote: kama umenunua mtumba kutoka Japani, geuza adapta usome palipoandikwa INPUT. Ikisema 100-240V uko salama. Ikisema 100V peke yake, usiiguse kwenye soketi ya nyumbani, umeme wetu ni mara mbili ya huo na zaidi, utaiunguza kabla hujasema bismillahi. Tafuta adapta nyingine yenye INPUT ya 100-240V, ila volti za OUTPUT na plagi ziwe zile zile.

Hatua ya 1: Funga kila kitu kisicheze

Watu wanaidharau hii hatua kuliko zote na ndiyo inayoharibu mengine yote. Steringi ikicheza hata kidogo mezani, mkono wako unapata taarifa ya meza, sio ya tairi. Pedeli zikirudi nyuma ukikanyaga breki, mguu hauwezi kujifunza kipimo maana kila safari pedeli iko mahali tofauti.

Meza ya plastiki usijaribu. Weka steringi kwenye ukingo wa meza ya mbao, kaza zile klampu kwa vidole mpaka ukiitikisa inatikisika na meza yote. Usilete nguvu za kukaza boriti, klampu ni plastiki zinapasuka.

Umbali: kaa, mgongo ugusane na kiti, nyoosha mkono mmoja juu ya steringi. Kifundo cha mkono kikifika juu ya duara bila bega kutoka kwenye kiti, umbali ni sawa. Mguu nao, ukikanyaga breki mpaka mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Goti likinyooka kabisa uko mbali, sogea.

Pedeli kwenye vigae zinateleza, hilo halina mjadala. Tanguliza mkeka wa mpira, weka pedeli juu yake, halafu jaza nafasi iliyobaki kati ya pedeli na ukuta kwa ule ubao ili zisiwe na pa kwenda. Kama kiti ulicho nacho ni cha ofisi chenye magurudumu, toa magurudumu, na yakigoma kutoka ingiza kila gurudumu ndani ya kiatu cha zamani. Inachekesha lakini inafanya kazi.

Mwenye nafasi chumbani amwone fundi wa kuchomelea. Bomba za mraba, bamba la kushikia steringi, bamba la pedeli lenye mwinamo kidogo, na kiti cha Vitz au Passo kutoka kwa wauza spea. Mara nyingi inatoka nafuu kuliko stendi ya kuagiza nje na haiyumbi. Mwambie tu atoboe matundu kufuata steringi yenyewe, mpelekee uipime pale pale, usimpe vipimo kwa simu.

Umefanikiwa kama ukikanyaga breki kwa nguvu zako zote hakuna kinachosogea: sio pedeli, sio kiti, sio meza.

Hatua ya 2: Waya, halafu hakikisha kompyuta inaona ukweli

Mpangilio wa kuchomeka: waya wa pedeli nyuma ya steringi kwanza, gia ya mkono kama unayo, adapta ya umeme, mwisho kabisa USB. USB ichomeke kwenye kompyuta yenyewe, ile ya nyuma kama ni dawati, sio kwenye kigawanyio cha USB. Vigawanyio vya bei chee ndivyo vinavyofanya steringi ipotee katikati ya mbio.

G29 ina swichi ndogo juu imeandikwa PS3 na PS4. Kwa PC weka PS3. Kwa PlayStation 4 na 5 weka PS4.

Ukichomeka USB, steringi itajizungusha yenyewe mpaka mwisho kushoto, mwisho kulia, kisha irudi katikati. Toa mikono. Ndio inapima mwisho wake uko wapi, ukiizuia itakaa na katikati ya uongo na gari litavuta upande mmoja siku nzima. Ikitulia huku imepinda, chomoa USB, iweke sawa, chomeka tena. Na mwenye steringi za mota ya moja kwa moja (direct drive, duara limefungwa kwenye mota yenyewe) kama Moza R5 au Fanatec CSL DD, tabia ya kutoa vidole gumba ndani ya duara ianze leo, zile zina nguvu ya kuumiza mkono.

Sasa usiingie gemu bado. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, bonyeza Enter, chagua steringi yako, ingia kwenye Properties. Hapo utaona vipimo vinavyotembea. Kanyaga kila pedeli mpaka mwisho mara mbili tatu. Kuna sababu: G29 ikiwa imetoka kuchomekwa haijui pedeli zinaanzia wapi na zinaishia wapi mpaka uzikanyage, na gemu nyingi zikiikuta hivyo zinadhani umekanyaga nusu. Ndio lile tatizo la "gari linaondoka lenyewe".

Unachotaka kuona: kila pedeli ina mstari wake, unatoka mwanzo hadi mwisho kwa ulaini, na ukiachia unarudi wote. Mstari unaoruka ruka bila mguu kugusa ni vumbi ndani ya pedeli, dawa yake iko mwisho wa makala.

Hatua ya 3: G HUB, na kuizuia Steam isijifanye fundi

Fungua G HUB, chagua steringi. Weka hivi:

- Operating Range: 900
- Sensitivity: 50, yaani iache kama ilivyokuja
- Centering Spring: zima
- Combined Pedals: zima

Hiyo 900 ni nyuzi, maana yake mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho hadi mwisho. Wengi wanaishusha hadi 360 au 270 wakidhani gari litakata kona haraka. Litakata haraka kweli, na ndiyo sababu linapiga mweleka: ukigusa kidogo tairi za mbele zimegeuka sana. Gemu tayari inajua usukani wa kila gari unazunguka kiasi gani, gari la F1 ni kidogo, la mtaani ni zaidi ya mizunguko miwili. Kazi yako ni kuiambia ukweli kuhusu steringi uliyoishika, basi. T300RS inafika 1080, kwa hiyo mwenye nayo aweke namba hiyo hiyo kwenye programu yake na kwenye gemu, au 900 pande zote mbili, ilimradi zifanane.

Springi ya kurudisha katikati inazimwa kwa sababu ni nguvu ya uongo. Inavuta steringi katikati hata pale gari limeteleza na tairi zinataka kwenda kwingine.

Pedeli zikiunganishwa, mafuta na breki vinakuwa mstari mmoja, ukikanyaga vyote viwili vinafutana. Hiyo setingi ilikuwa ya gemu za kizamani.

Kisha Steam: bofya gemu kwa kulia, Properties, Controller, zima Steam Input kwa gemu hii. Ikibaki imewaka inaweza kuifanya steringi yako ionekane kama padi, nguvu ya kurudi mikononi inapotea na unaanza kulaumu steringi ya watu.

Hatua ya 4: Ndani ya Assetto Corsa

Nenda kwenye setingi za kontroli. Kama jina la steringi yako lipo kwenye orodha anza nalo, kama halipo, funga kila kitu mwenyewe: zungusha steringi, kanyaga mafuta, breki, klachi, bonyeza pedo za gia zilizo nyuma ya duara.

Halafu hakikisha haya:

- Nyuzi za steringi: 900, sawa na G HUB
- Gamma ya steringi: 1
- Filter: 0
- Speed sensitivity: 0

Hizo tatu za chini ndizo mikongojo ya padi niliyosema mwanzo. Gamma ikiwa juu ya 1 steringi inakuwa nzito kuitikia katikati na kali mwishoni, mkono hauwezi kuzoea kitu kinachobadilika njiani. Speed sensitivity inapunguza kona spidi ikipanda, kwa hiyo mzunguko ule ule wa mkono unatoa matokeo tofauti kila mara.

Misaada ya dereva: ABS na udhibiti wa kuteleza weka Factory, yaani gari liwe nalo kama lile la kweli linalo. Stability Control weka sifuri. Wanaoanza wanapenda kuiacha juu, mimi naona inachelewesha tu, inalishika gari kabla mikono yako haijajifunza kulishika.

Jaribio: ingia Practice, simama, zungusha steringi robo kulia. Mikono ya dereva kwenye skrini izunguke robo. Zungusha nusu, izunguke nusu. Ikizidi au ikipungua, namba za G HUB na za gemu hazifanani, rudi ukague. Ikifanana una msingi sahihi.

Hatua ya 5: Nguvu inayorudi mikononi

Hii watu huiita FFB (force feedback), na hapa ndipo pesa yako ilipo. Gemu inahesabu tairi za mbele zinasukumana vipi na barabara, inaiambia mota izungushe steringi kwa kiasi hicho. Tatizo ni kwamba mota ya G29 ina nguvu ndogo, kama Nm 2 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Moza R5 ina 5.5, CSL DD inaanzia 5. Gemu ikiomba nguvu kuliko mota iliyo nayo, mota inatoa mwisho wake na kubaki hapo hapo: kona ya kawaida na kona ya kufa na kupona zinakuja mikononi zikiwa na uzito mmoja. Kwa hiyo yule anayepandisha Gain, yaani nguvu ya jumla ya FFB, hadi 120 akitaka "isikike vizuri" amejifunga kitambaa machoni.

Ukiwa kwenye gari, peleka mausi ukingo wa kulia wa skrini, orodha ya vidirisha vidogo itatokea, fungua kinachoitwa Pedals. Kina mistari minne: klachi, breki, mafuta, na wa nne wa kijivu ndio FFB. Ukijaa unageuka mwekundu, hapo mota imefika mwisho.

Fanya hivi:

1. Anza na Gain 70. Kerb, Road na Slip weka sifuri zote kwa sasa, hizo ni mitikisiko ya kuongezea chumvi, zinaficha taarifa halisi.
2. Chukua gari la BMW M3 E30, nenda uwanja wa Mugello, endesha mizunguko kadhaa spidi ya kawaida.
3. Angalia mstari wa kijivu kwenye kona ndefu. Ukiwa mwekundu kona nzima, shusha. Vitufe vya + na - kwenye namba za pembeni ya kibodi vinabadilisha gari hilo hilo ukiwa barabarani, huhitaji kutoka.
4. Unapotaka pafike: mwekundu utokee kwa kupepesa tu, ukipanda ukingo wa barabara au ukigonga shimo.

Sasa Min Force. G29 inaendeshwa na meno ya gia, kwa hiyo nguvu ndogo ndogo hazitoshi kuyasukuma, katikati unasikia steringi imekufa na kulegea. Min Force inaongeza kianzio. Endesha njia iliyonyooka, panda taratibu 5, 8, 10, 12, mpaka steringi ianze kutetemeka kushoto kulia yenyewe, kisha shuka kidogo mpaka itulie. T300RS ya mkanda inahitaji ndogo sana, na za mota ya moja kwa moja acha sifuri.

Mwisho ukipenda ongeza Kerb na Road kidogo, 10 au 15 inatosha.

Utajua imekaa pale steringi inapoanza kukupa taarifa kabla ya macho. Ingia kona kwa spidi iliyozidi: steringi inaanza nzito, halafu ghafla inakuwa nyepesi mkononi huku gari linaendelea mbele bila kukata. Huo wepesi ni tairi za mbele zimeachia. Punguza mafuta kidogo, subiri uzito urudi, ndipo uendelee kukata. Ukilisikia hilo mara moja hutarudi kwenye padi.

Hatua ya 6: Breki, mahali wengi wanapopoteza sekunde

Ukimtazama mtu mwepesi kwenye gemu utadhani siri iko kwenye steringi. Iko mguuni. Na breki ya G29 ina tabia yake: ndani ya springi kuna kipande cha mpira, mguu unashuka laini halafu unakutana na mpira, pedeli inakuwa ngumu kama imefika mwisho wakati bado. Wengi wanaishia hapo, breki inasoma asilimia 70 au 80, gari halisimami, wanasema gemu mbovu.

Tatizo la pili, pedeli hii inapima umbali iliyosafiri, sio nguvu uliyokanyagia. Magari halisi na pedeli za gharama zenye kipima-mkandamizo zinasoma nguvu, na misuli inakumbuka nguvu vizuri zaidi kuliko umbali.

Cha kufanya, kwa mpangilio wa urahisi:

Kwanza angalia mstari wa breki kwenye kile kidirisha cha Pedals. Kanyaga kwa nguvu unayoweza kuirudia mizunguko yote bila paja kuuma. Ukifika juu kabisa, usiguse kitu, nenda kwenye mazoezi. Usipofika, rudi G HUB, sehemu ya pedeli, pandisha sensitivity ya breki kidogo kidogo, 55, 60, mpaka mguu wako na mwisho wa mstari vikutane.

Kukitoa kile kipande cha mpira kunawezekana, unafungua skrubu za chini ya pedeli na kukichomoa. Lakini waranti inakwenda na maji, na mimi nadhani mpira ule una faida, ni kitu pekee kinachokaribiana na ugumu wa breki ya kweli. Ukikitoa kihifadhi.

Mazoezi yenyewe, bila mbio bila saa. Njia iliyonyooka, M3 E30 ile ile. Peleka spidi 150, kanyaga breki mpaka mstari uwe nusu, ushikilie hapo usipande usishuke mpaka gari lisimame. Rudia. Kisha robo tatu. Ukishaweza kushikilia, jifunze kuachia: piga breki karibu ya kutosha mara moja, kisha achia polepole kadiri spidi inavyoshuka. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaanza taratibu na kumalizia kwa kukandamiza, ndio maana tairi zinafunga karibu na kona.

Baadaye unaunganisha na kona: breki kali gari likiwa limenyooka, unapoanza kukata unaachia breki kwa kiasi kile kile unachoongeza steringi. Uzito unabaki mbele, tairi za mbele zinashika, gari linaingia. Ukiachia breki yote kwa ghafla pua inanyanyuka na gari linakataa kukata. Ukiishikilia kali huku umekata sana, nyuma inatoka.

Dalili kwamba umeweza: breki tano mfululizo zinaanzia alama ile ile ya barabara na zinaishia mahali pale pale.

Hatua ya 7: Macho

Fupi lakini usiruke. Uwanda wa kuona (FOV) ukiwa mpana mno, kila kitu kinaonekana mbali na spidi inadanganya, unachelewa breki na unakata kona mapema. Pima kwa futi kutoka jichoni hadi skrini. Skrini ya inchi 24 ina kimo cha kama sentimita 30, ukikaa sentimita 60 kutoka kwake, FOV sahihi ya wima ni nyuzi 28. Ya inchi 27 kwa umbali huo huo ni kama 31. Assetto Corsa inatumia ya wima, iandike kama ilivyo.

Mwanzoni utaona kama unachungulia dirishani, vioo vya pembeni vimepotea. Sogeza skrini karibu zaidi, nyuma kabisa ya steringi, uwanda unaongezeka wenyewe bila uongo. Ukishindwa kabisa ongeza nyuzi tano au kumi, lakini usirudi 60 ile ya kwenye kochi.

Hatua ya 8: Sasa endesha

Usianze na Ferrari. Najua. Anza na Abarth 500 kwenye uwanja wa Magione, inavutwa na tairi za mbele, haina nguvu ya kukutisha, na makosa yake ni ya taratibu unayaona yanakuja. Ukiweza mizunguko kumi bila kutoka nje, hamia M3 E30 inayosukumwa na nyuma.

Mikono ikae kushoto na kulia ya duara, usawa mmoja, na isitoke hapo kwenye kona nyingi za mbio. Usikabe. Ukikaba steringi unaziba ile taarifa uliyohangaika nayo hatua ya 5, na mabega yanachoka ndani ya dakika kumi.

Nyuma ikitoka, na itatoka, usipambane na steringi. Yenyewe inataka kuzunguka kuelekea kule gari linakoteleza, legeza vidole uiache ipite, wewe isaidie kidogo na macho yaangalie unakotaka kwenda, sio ukuta. Sehemu ngumu ni ya pili: gari likishaanza kunyooka, rudisha steringi mapema. Wanaochelewa kurudisha ndio wale gari linawatupa upande wa pili kwa hasira zaidi.

Mafuta nayo, kwenye gari la kusukumwa nyuma, usifungue yote mpaka steringi imeanza kunyooka. Mikono ikifungua kona, mguu unafungua mafuta, viende pamoja.

Umefika ukiona nyakati za mizunguko yako zinapishana kwa nusu sekunde tu na hujatoka nje. Kasi acha kwanza. Mtu anayerudia anaweza kuongeza, anayebahatisha hajui aongeze nini.

Ukihamia gemu nyingine

Assetto Corsa Competizione: hakikisha Steer Lock ya kwenye gemu ni sawa na ya steringi, 900 kwa 900. Mengine ni yale yale.

EA Sports WRC: usukani wa magari ya rali unazunguka kiasi kidogo kuliko wa magari ya mtaani, 540 ndio wengi wanatumia, na ina kizuizi laini cha mwisho wa steringi, kiwashe. Safari Rally ya Kenya imo, ile iliyorudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002. Naivasha ina mawe na mashimo ya kutosha, FFB iliyokuwa sawa kwenye lami itajaa nyekundu pale, shusha nguvu ya jumla uokoe mota na mikono yako.

Euro Truck Simulator 2, kwa wale wa mabasi na malori: 900, na ule mstari wa steering non-linearity ushushe sifuri kabisa. Humu springi ya katikati ya gemu yenyewe unaweza kuiacha kidogo, lori haliendeshwi kwa vidole.

Gran Turismo 7 kwenye PlayStation haikuulizi nyuzi, inajiseti. Unachogusa ni nguvu na usikivu tu, shusha nguvu ukiona kona zote zina uzito mmoja.

Matatizo madogo yanayorudi

*Steringi imekufa ganzi baada ya umeme kukatika.* Laptopu imebaki hai kwa betri, steringi imezima na kuwaka. Gemu nyingi haziikumbuki tena. Toka kwenye gemu kabisa, iache steringi ijipime, kanyaga pedeli zote, ingia upya. Kama kwenu umeme unacheza cheza, chomeka adapta ya steringi kwenye UPS (betri ya akiba ya kompyuta) pamoja na kompyuta.

*Nguvu inapungua ukicheza muda mrefu.* Mota zimepata joto. Ipumzishe, na kama inatokea kila siku Gain yako bado iko juu.

*Gari linavuta upande.* Katikati imekosewa. Chomoa USB, chomeka, toa mikono.

*Breki au mafuta yanaruka ruka bila kukanyaga.* Vumbi limeingia kwenye kipimo cha ndani ya pedeli. Chomoa waya, fungua kifuniko cha pedeli, puliza vumbi, halafu nyunyiza dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme kwenye kile kidude cha pembeni cha kuzunguka, kanyaga mara nyingi kwa mkono ienee, acha ikauke ndipo uwashe. WD-40 ya kawaida usitumie, inaacha mafuta yanayoshika vumbi jipya. Ukimaliza rudi joy.cpl uangalie mstari, ukitulia funga skrubu.